Asbesto si ugonjwa, na asbestosisi si saratani

Juzi nimesoma tena habari za mzee aliyefanya kazi ya kufunga vihami joto kwenye mabomba. Mwandishi kamaliza hivi: "alifariki kwa asbestosi, yaani saratani ya mapafu." Mambo matatu tofauti yamebanwa ndani ya neno moja. Nimekutana na kosa hili mara nyingi mno, na kwa familia inayodai fidia si kosa dogo.

Maana kwanza, kwa kifupi. Asbesto ni jina la pamoja la madini sita ya asili yenye nyuzi. Haiungui, haipitishi joto, haiozi. Ndiyo maana katika karne ya 20 ilizungushiwa mabomba ya mvuke na boila, ikapuliziwa kwenye kuta, ikajazwa ndani ya meli. Ikikatwa au ikichakaa hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Mtu huzivuta kwa pumzi, nazo hukaa humo, na ugonjwa mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Sasa neno lenyewe. Limetoka kwenye Kigiriki: *a-* ni kukanusha, na sehemu inayofuata inatokana na kitenzi cha kuzima. Asbestos ni "isiyozimika". Wagiriki walilitumia hasa kwa chokaa mbichi, ile ambayo ukiimwagia maji inachemka badala ya kupoa. Madini yetu haya waliyaita *amiantos*, "isiyo na doa", kwa kuwa kitambaa chake kikitupwa motoni hutoka kisafi. Jina hilo la pili halikupotea: Wareno na Waitaliano hadi leo husema amianto, Wafaransa amiante. Lugha nyingine zikashika lile la chokaa, na sisi tukalipokea kutoka huko, wengine wakiandika asbesto, wengine asbestosi. Sigombani na tahajia. Andika utakavyo, maadamu unataja madini.

Ugomvi wangu uko kwenye mkia. Madaktari wana kiambishi chao, *-osisi*, pia cha Kigiriki, ambacho kikiungwa na jina la kitu huonyesha hali ya ugonjwa. Vumbi la silika huleta silikosisi. Vumbi la asbesto huleta asbestosisi. Kwa anayeandika asbestosi, silabi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha kitu kilichokuwa kwenye bomba na kitu kilichomo kifuani mwa mtu, na sikio letu huimeza kwa urahisi sana.

Silabi hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Nellie Kershaw alikuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers huko Rochdale, Uingereza. Alipoanza kukosa pumzi, daktari wake aliandika kwamba amedhurika na sumu ya asbesto. Kampuni ilikataa kumlipa, kwa hoja kwamba ugonjwa huo haumo kwenye orodha ya magonjwa yanayolipwa fidia. Alifariki mwaka 1924, akiwa na miaka 33. Daktari W. E. Cooke aliyachunguza mapafu yake, akachapisha alichokiona mwaka huohuo, na mwaka 1927 akaupa ugonjwa jina: asbestosisi ya mapafu. Kanuni za serikali kwa viwanda vya asbesto zikaja 1931. Jina lilimkuta mama yule yumo kaburini. Kila ninapoona neno hili limetumiwa ovyo, yeye ndiye ninayemkumbuka.

Asbestosisi, basi, ni makovu. Nyuzi hukwaruza mapafu, mapafu hukakamaa, pumzi hufupika. Kwa kawaida humpata aliyevuta vumbi jingi kwa miaka mingi. Si saratani. Mesothelioma ndiyo saratani, na mara nyingi huanzia kwenye utando unaofunika mapafu, si kwenye mapafu yenyewe. Nayo yaweza kumpata hata aliyevuta vumbi dogo tu, kama mke aliyekuwa akifua nguo za kazi za mumewe. Saratani ya mapafu ni ugonjwa wa tatu. Asbesto huileta pia, na kwa mvutaji sigara hatari huongezeka maradufu na zaidi. Sigara haihusiki na mesothelioma, kwa hiyo familia isikubali kuambiwa kwamba marehemu alijiletea mwenyewe kwa kuvuta.

Mtu mmoja aweza kuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Clarence Borel alifunga vihami joto Texas tangu 1936. Mwaka 1969 aligunduliwa kuwa na asbestosisi, na mwaka uliofuata, alipofanyiwa upasuaji, ikaonekana mesothelioma. Alifariki kesi yake ikiendelea. Hukumu ya mahakama ya rufaa mwaka 1973 ilisema watengenezaji wa vihami hivyo walipaswa kuwaonya wafungaji, na hapo ndipo mlango wa kesi ulipofunguka Marekani. Kampuni ya Johns-Manville ilijitangaza muflisi mwaka 1982, na mfuko wa kulipa waathirika ukatokana na hapo. Mifuko ya namna hiyo hulipa kwa jina la ugonjwa: mesothelioma ina kiwango chake, asbestosisi ina chake, na cha asbestosisi ni cha chini sana.

Uingereza tofauti iko kwenye mgawanyo wa fidia kati ya waajiri. Asbestosisi huongezeka kadiri vumbi linavyoongezeka, kwa hiyo kila mwajiri hulipa sehemu yake tu. Kwa mesothelioma haiwezekani kujua uzi uliodhuru ulitoka kwa nani. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, liliamua mwaka 2002 kwamba kila mwajiri aliyeongeza hatari kwa uzembe anawajibika. Mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria kwamba yeyote kati yao aweza kudaiwa fidia yote, hata kama wenzake wameshafunga kampuni. Muda wa kufungua kesi nao, miaka mitatu, huhesabiwa tangu mtu alipojua kuwa anaumwa na nini, si tangu siku alipovuta vumbi.

Kwa ndugu aliyeandika kuhusu yule mzee: najua uliandika kwa huruma, na kumbukumbu yake umeitendea mema. Ila rudi kwa familia, uwaombe wakuonyeshe karatasi ya hospitali. Ikisema mesothelioma, badilisha sentensi yako ya mwisho iseme hivyohivyo. Ikisema asbestosisi, futa neno saratani, uongeze ile silabi.