Shamba Pemba kaskazi ikianza: yanayosemwa na yaliyopo

Kila Disemba skuli zikifungwa, jamaa zangu wa mjini Unguja hunipigia simu: je, inafaa kuja Pemba Ijumaa hii tukarudi Jumapili? Na kila mwaka huniletea maneno yale yale waliyoyaokota huko barazani. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

"Kiangazi kinaanza Juni."

Hili tumelishika kwa wageni wa Ulaya, ambao kwao mwezi wa sita ndio joto linaingia. Sisi tuko kusini ya ikweta, Pemba kwenye digrii 5 hivi, na Juni kwetu ni kipupwe: kusi inavuma, mzee wangu hatoki alfajiri bila koti. Joto letu huja vuli ikishamwaga mvua zake na upepo ukageuka kaskazi, Disemba hadi Machi. Ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ikayarudisha. Basi anayetaka shamba la jua na matunda asije na kalenda ya mtalii.

"Shamba hakuna cha kufanya."

Hakuna, kama unangoja ufanyiwe. Jumamosi kwetu huanza baada ya sala ya alfajiri, umande bado uko majanini. Mmoja anafua nazi kwenye kifuo, mwengine yuko juu ya mbuzi anakuna, shelisheli linageuzwa makaani mpaka ganda liwe jeusi. Jua likipanda, kitanda cha kamba kinahamia chini ya mwembe. Hapo ndipo kazi kubwa ya siku ilipo: kusubiri upepo. Embe boribo likidondoka "puu", watoto wanakimbia, na kwetu sheria ni moja tu, la aliyelifikia kwanza. Watu wazima tunajifanya hatumo. Mchana wangu wote hupita hivyo, wala siuonei majuto.

"Embe nyingi huleta homa."

Marehemu bibi aliliamini hili mpaka mwisho, na sikuthubutu kumbishia. Lakini malaria huletwa na mbu aina ya anofelesi, si embe. Kilichowachanganya wazee ni majira: mvua za vuli huacha madimbwi, mbu wakazaana, na embe nazo zikawiva wakati huo huo. Mtu akala embe leo, kesho akatetemeka, kosa likaangukia mwembe. Siku hizi malaria Zanzibar imepungua mno kuliko zamani, na embe zinaliwa vile vile. Linalodhuru kweli ni utomvu wa kwenye kikonyo, unababua midomo. Likate kichwa, lioshe, ule.

"Popo ni mharibifu, na kipofu juu yake."

Jioni ukiwaona wanapita juu ya migomba, mabawa yao yakitandazwa hufikia karibu mita 1.6, unaweza kuogopa. Hawa si wale wadogo wa darini. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, na wala si kipofu: hutafuta chakula kwa macho na pua. Kweli anakula embe zetu, sikatai. Lakini ndiye anayebeba chavua na kutawanya mbegu za miti ya msituni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa kwa ajili ya nyama mpaka wakakaribia kwisha. Vijiji vikaanza kuwalinda, na sasa wako kwa maelfu. Ukipita Kidike mchana utawakuta wananing'inia mitini, wanapigana vikumbo na kupiga kelele kama watu waliobanana kwenye gari ya shamba.

"Mchezo wa ng'ombe Pemba ni mauaji, kama Hispania."

Ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba, mchezaji anamchokoza kwa kitambaa, naye akipandwa na hasira watu wanaparamia miti. Wanawake wanaimba, ngoma inalia, na jioni ng'ombe anarudi zizini kula majani yake. Inasemwa tumeurithi kwa Wareno. Mara nyingi anayetoka na alama ni mchezaji.

"Karafuu ni tunda la mkarafuu."

Ni chipukizi la ua, huchumwa kabla halijafunguka. Likishafunguka halina thamani tena. Ndiyo sababu wachumaji hawangoji wikendi, na ukibahatika kufika zikiwa zimeanikwa majamvini, harufu utaipata kabla hujaiona nyumba.

"Ukienda shamba lazima uchukue zawadi ya maana."

Sukari kilo mbili na mikate ya mjini yatosha. Binamu yangu mmoja alituletea katoni ya maji ya chupa, na sisi tuna madafu mpaka yanaanguka wenyewe; bado tunamcheka. Siku ya kuondoka utasukiwa pakacha la kuti bichi, lijazwe embe hadi juu, utake usitake. Libebe mwenyewe. Ukimpa mtoto akushikie mpaka bandarini Mkoani, utapanda boti na nusu yake, na mashavu ya mtoto yatakuwa ya manjano.