Ukija kuona shule ya kufundishia nje, omba kwanza kukaa na walimu wake

Wazazi wanaokuja kuona hizi shule ndogo za mazingira, zinazofundishia nje, huku Rungwe mkoani Mbeya wanaanziaga na mazingira yenyewe. Wanapiga picha mlima, wanauliza eneo ni heka ngapi, watoto wanatoka nje mara ngapi kwa wiki, wakiona bustani na banda la kuku wanaridhika. Mimi kazi yangu ni kuandaa walimu wa shule za aina hii na kila mzazi namwambia hivihivi, omba kwanza kukaa na wale watu wazima watakaoshinda na mtoto wako. Maana Tukuyu hii kila shule imezungukwa na migomba na chai na mvua haitupungukii, lakini watoto wengi bado wanashinda ndani wanakopi ubaoni.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907 alimbadilishia mwalimu kazi: aandae mazingira, amwonyeshe mtoto kwa ufupi, alafu akae pembeni aangalie. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kazi nyepesi. Kwa kweli ndo ngumu kuliko zote, na mwalimu aliyesomea kusimama mbele ya darasa anaumia sana miezi ya mwanzo kwa sababu mdomo unamwasha, akiona mtoto anahangaika anataka kummalizia.

Nitoe mfano wa mgomba. Darasa la tatu, mtoto kauliza kwa nini mgomba ukishazaa unakatwa. Mwalimu niliyekuwa namsimamia jibu alikuwa nalo, kwamba mgomba unazaa mara moja tu, na lile tunaloliita shina ni majani yaliyofungana, shina lenyewe liko chini ardhini ndo linatoa machipukizi. Hakusema hata neno. Akawapeleka kwenye mgomba uliovunwa, akaukata, watoto wakaanza kubandua tabaka kwa tabaka mpaka mmoja akapiga kelele mwalimu hili siyo shina, ni majani haya! Afu wakahamia kwenye mkungu, chane 8, ndizi 14 kila chane, wakaanza kubishana wenyewe jumla ni ngapi na wengine wakahesabu moja moja kuhakikisha. Sasa mgeni angepita pale angeona watoto wanacheza na mwalimu kasimama tu. Kumbe yule mwalimu alishaongea na mwenye shamba toka jana, panga analishika yeye peke yake, amewaambia wavae nguo chakavu maana utomvu wa ndizi hautoki, na anajua kabisa kuzidisha kuko kwenye azimio lake la kazi, ule mpango wa masomo wa muhula huu.

Hilo la azimio nalisisitiza kwa sababu kuna watu wanafikiri shule ya hivi haina mtaala. Unao, ni uleule wa taifa, huu ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anataka andalio la somo kama kwingine kote. Kwahiyo mwalimu wetu anaandika andalio kama wenzake, alafu anaenda shambani akiwa tayari kulifuata swali la mtoto likimtoa kwenye andalio, na jioni anaandika walifika wapi. Ni kazi mara mbili na inabidi mkuu wa shule ampe muda wa kuifanya, asimpangie zamu kila jioni.

Wazazi wengine wanaogopa upande mwingine, tunalipa ada ili watoto wakalime? Swali zuri na lina historia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, watoto wapange, wajaribu mbolea, wapime matokeo. Shule nyingi shamba likaishia kuwa nguvu kazi, au adhabu kabisa, umechelewa nenda kalime matuta mawili. Jembe lilelile, shamba lilelile, ila mtu mzima aliyesimama pale hakuwa na swali lolote la kuwauliza watoto zaidi ya mmemaliza?

Kwenye timu lazima awepo mtu asiye na cheti cha ualimu. Sisi tuna mzee, watoto wanamwita Babu, anajua miti kwa majina ya Kinyakyusa na njia za wanyama, anajua upupu uko wapi na msimu wa viwavi. Siyo mwalimu, hasimamii kundi peke yake, siku zote yuko na mwalimu. Ila nikiwa na walimu wapya nawaambiaga habari ya kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa kwamba msituni kuna kima mwenye aibu anaitwa kipunji, wakamtafuta mpaka wakamwona, 2005 akatangazwa kama spishi mpya, 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na jenasi mpya ya kima wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Wazee walikuwa wanamjua muda wote huo. Mwalimu mwenye diploma akilielewa hili anajifunza kukaa kimya mbele ya Babu na kumsikiliza, na watoto wanamwona anavyosikiliza.

Fimbo hatutumii. Kanuni za serikali za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne na anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, lakini kwenye kazi hii fimbo inaharibu kila kitu, mtoto anayeogopa hakuonyeshi alichokosea. Sasa mko karibu na mto, kuna panga, kuna siafu, utulivu unatoka wapi? Tunafundisha walimu kulitunza neno SIMAMA. Halitumiki kwa kelele wala kwa kuchelewa kupanga mstari, linatumika kwa hatari tu, na ndo maana likitoka kila mtoto anaganda alipo. Mwalimu anayepiga makelele kutwa hana neno la akiba siku nyoka akitokea.

Kingine ninachowafundisha ni kuandika wanachoona. Kila mtoto ana daftari lake kwa mwalimu, na humo maneno kama mvivu, mtundu, mzito ni marufuku. Andika alikaa kwenye jiwe akiangalia siafu toka saa nne mpaka kengele ya uji, aliweka jani kwenye njia ya hao siafu mara tatu, hakuongea na mtu. Ijumaa timu nzima inakaa, na dada wa jikoni pia maana yeye ndo anajua nani hali na nani anagawa chakula chake, wanasoma madaftari ya watoto wachache wachache kwa kina. Ndo maana makundi lazima yawe madogo. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu awali na 45 msingi, ila kwa watoto 45 haya madaftari hayaandikiki, mtu asikudanganye.

Tatizo letu kubwa ni walimu kuondoka. Ajira za serikali zikitangazwa wanaomba, na siwalaumu hata kidogo, kuna uhakika na kuna pensheni, shule ndogo haiwezi kushindana na hilo. Tunachoweza ni kuweka watu wazima wawili kila kundi, mzoefu na anayejifunza, ili akiondoka mmoja sura moja ibaki. Na anayeondoka anatembea kwanza na anayeingia, watoto wakiwepo, anakabidhi daftari moja moja kwa mdomo, huyu ukimwuliza mbele za watu hajibu, mfuate akiwa anamwagilia. Kwahiyo mzazi ukienda kuangalia shule uliza nani yuko hapa toka mwanzo, nani kaondoka mwaka jana, na daftari za watoto wake alimwachia nani.