Dalili za Maambukizi Ambayo Mtoto Huzaliwa Nayo

Wazazi wengi nchini Uganda huamini kwamba mtoto aliyelia vizuri, akanyonya na kuruhusiwa kwenda nyumbani hana ugonjwa wowote aliozaliwa nao. Imani hiyo inaeleweka, lakini ni ya hatari, kwa sababu watoto wengi waliopata kaswende au virusi vya sitomegalo tumboni mwa mama huonekana wazima kabisa siku ya kuzaliwa, na dalili hujitokeza baada ya wiki, miezi au hata miaka.

Kaswende inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana inatibika kwa penisilini, ilhali ikiachwa hula mifupa, ini na ubongo. Kwa kawaida dalili za mapema huonekana ndani ya miezi 3 ya kwanza: mafua yasiyokoma, ambayo kamasi zake huweza kuwa na damu, vipele au ngozi kubambuka kwenye viganja na nyayo, tumbo kuvimba kwa sababu ini na bandama vimekua, na weupe wa midomo unaotokana na upungufu wa damu. Dalili moja hupotosha sana. Mtoto haunyanyui mkono au mguu mmoja na hulia akiguswa wakati wa kuogeshwa, kisha familia humlaumu mkunga kwamba alimvuta vibaya, kumbe ni mfupa ulioshambuliwa ndio unaouma. Asipotibiwa, baada ya umri wa miaka 2 huweza kupata ukungu kwenye kioo cha jicho, uziwi, mifupa ya miguu iliyopinda na, meno ya ukubwani yanapoota, meno ya mbele yenye pengo ukingoni.

Umanjano wa ngozi na macho nao huwachanganya wazazi. Ule mwepesi unaoanza siku ya 2 au ya 3 ni wa kawaida kwa watoto wachanga wengi, lakini ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ukiendelea kupita wiki 2, mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazameni weupe wa macho, ufizi na nyayo, tena kwenye mwanga wa mchana.

Rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na homa, ikimpata mama katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito, mtoto huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, kasoro ya moyo na uziwi. Weupe wowote ndani ya mboni, hata ukionekana kwenye picha ya simu tu, unahitaji daktari wa macho haraka, kwani unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Kichwa kidogo kupita kiasi, au kinachokua kwa kasi, nacho kipimwe. Toksoplasma, maambukizi ya vimelea, ni mojawapo ya sababu zake.

Sitomegalo huathiri zaidi usikivu, na uziwi wake huweza kuja polepole kwa mtoto aliyekuwa akisikia. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti ya mama yake asiambiwe kwamba ni mvivu au atakuja kuchangamka, apimwe masikio.

Katika kliniki za wajawazito Uganda, mama hupimwa Virusi vya Ukimwi na kaswende, na mpango wa taifa umeiongeza homa ya ini aina B. Mama aliyekutwa na kaswende atibiwe pamoja na mwenzi wake, la sivyo huweza kuambukizwa upya. Kwa mtoto, tiba ya mama huhesabiwa kuwa ya kutosha ikiwa ilikuwa ya penisilini na ilianza angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mtoto wa mama anayeishi na Virusi vya Ukimwi hupimwa akiwa na wiki 6 hata kama amenona na hana dalili, kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa kuwa kipimo cha kawaida husoma kinga aliyorithi kwa mama. Nendeni na kadi ya kliniki ya mama kila mtoto anapopelekwa kituo cha afya, kwa sababu majibu yaliyoandikwa humo ndiyo humwonyesha mhudumu aanzie wapi kumchunguza mtoto.