Rimu kubwa, tairi pana, springi fupi: dhana na ukweli wa autokrosi

Kijana wa Mombasa anunua Starlet au Vitz, na kabla hajakimbia raundi moja ya autokrosi, yaani mbio fupi za gari za kushindana na saa, pesa zote zishaishia kwenye rimu. Huniuma nikiona hivyo, kwa sababu pesa zile zile zingempunguzia sekunde anazozihangaikia. Tuzichukue dhana zinazosemwa, moja moja.

"Tairi pana hushika zaidi." Kwenye lami kavu hapo pana ukweli. Autokrosi yetu lakini hukimbiwa sana kwenye udongo: juu vumbi na changarawe legevu, chini ardhi ngumu. Tairi pana huelea juu ya vumbi, nyembamba hulikata ikafika panaposhika. Magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, yakija Naivasha kwa Safari Rally huvaa rimu za inchi 15. Zile za inchi 18 ni za mashindano ya lami.

Hapo hapo tumeshajibu dhana kwamba rimu kubwa ndiyo bora. Rimu ikikua, ubavu wa tairi hupungua, na shimo ambalo mpira ungelimeza huipinda rimu. Uzito nao huongezeka, na injini ndogo huusikia kila itokapo kwenye kona.

"Rimu yenye matundu matano huingia gari lolote la nati tano." Hapana! Tazama kipimo: 5×112 ni matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 112, na kati yake na 5×114.3 pana milimita 2.3 tu. Nati itaingia, lakini haitakaa sawa kitakoni mwake, na gurudumu linaweza kuchomoka.

"Kata springi, gari likae chini, lishike kona." Hili ndilo linaloharibu magari mengi. Mimi mwenyewe nilikatiwa springi za mbele kwa moto wa gesi. Gari lilipendeza likiwa limeegeshwa. Kwenye udongo lilikuwa likigonga chini kila bonde, na kwenye kona gurudumu la ndani likaning'inia hewani, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Springi ikipunguzwa mizunguko haiwi fupi tu, huwa ngumu zaidi, na shokamzoba ya kiwandani haikuundwa kuituliza. Moto nao hudhoofisha chuma. Gurudumu likishuka shimoni, springi fupi hulegea kitakoni na inaweza kuhama mahali pake.

Kabla ya springi yoyote, ingia chini ya gari. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma kimya kimya, na gari la mtumba mara nyingi lina bushi (mipira ya viungo vya chini) zilizopasuka na boljointi (viungo vya gurudumu) zinazocheza. Bushi mpya, shokamzoba nzima, kisha alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu: gari litakuwa jingine, wala hakuna atakayelitambua kwa nje.

"Tairi yenye meno marefu bado mpya." Mpira hukauka hata ukikaa dukani. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

"Punguza upepo, tairi ishike." Kwa kiasi. Ukizidisha, tairi hulala ubavu na yaweza kuvuka rimu kwenye kona kali. Ukifanya mazoezi kwenye lami, paka chaki ukingoni mwa tairi, piga raundi moja, kisha tazama. Chaki ikifutika hadi ubavuni, ongeza psi 2 (psi ni kipimo cha upepo). Ikibaki juu ya meno ya pembeni, punguza psi 2, upige raundi nyingine.