Je, wajua kwa nini maelezo ya sauti humfanya mtu aone zaidi makumbusho?

Wageni wengi wakipewa kifaa cha maelezo ya sauti mlangoni pa makumbusho hukataa: wamekuja kuangalia, si kusikiliza. Wanaamini sauti itayaibia macho. Kumbe kinachoyaibia macho ni kibao cha maandishi, na hicho hakuna anayekishuku.

Macho hayawezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Chukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, hazina kubwa ya Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Utosini lina ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli mikubwa ya kutafunia. Anayeusoma ukingo huo kibaoni huinua macho, huutafuta, hupotea, hurudi kusoma. Nyuma watu wanasogea, basi anamaliza maandishi na kuondoka, fuvu lenyewe kalitupia jicho tu! Sauti ikimwambia "tazama utosini", macho hayabanduki. Ndivyo afanyavyo mwalimu wa udereva: anasema "punguza mwendo, kata kushoto" nawe unaitazama barabara. Angekuandikia kwenye karatasi, mngeishia mtaroni.

Jambo hili si geni. Makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam, Uholanzi, yalianza kuwarushia wageni maelezo kwa mawimbi ya redio mwaka 1952.

Lakini sauti ina udhaifu wake: hupita. Maelezo yakirefuka, msikilizaji husahau mwanzo kabla ya kufika mwisho, na hapo maandishi hushinda kwa sababu yanarudiwa kwa urahisi. Rekodi nzuri basi huchukua kama dakika moja, hutaja kwanza mahali pa kutazama, ndipo ieleze. Miaka na majina magumu yabaki kibaoni.

Kosa la kawaida ni kubonyeza namba ya kitu kwenye kifaa huku unatembea. Sauti inaeleza kitu ambacho umeshakipita. Simama kwanza, kitazame kitu kimya kidogo, kisha bonyeza. Usisikilize kila namba, maana masikio nayo huchoka. Chagua vitu vichache. Kama maelezo yako kwenye simu, yapakue kabla ya kuingia, chaji betri, na vaa spika ya masikioni kwenye sikio moja ili umsikie mwenzako.

Kwa wahudumu wa mapokezi, swali "Unahitaji kifaa?" huzaa "hapana" upesi. Afadhali kuuliza "Utasikiliza kwa Kiswahili au Kiingereza?", kumkabidhi mgeni kifaa na kumchezea rekodi ya namba moja palepale. Asiyejua kitufe cha kusimamisha sauti hurudisha kifaa baada ya chumba cha kwanza.

Pasipo na kifaa, kundi liteue msomaji mmoja. Asome kibao kwa sauti ya chini, polepole, akitua kila baada ya sentensi. Wengine wasikitazame kibao kabisa. Kwa kitu kinachofuata, apokewe na mwingine, naye apate zamu ya kutazama.