Pindo la majani la kufuma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwonyeshe mfumaji anayeanza shali yenye pindo la majani, yaani utepe wa ukingoni uliofumwa kwa umbo la majani, na aghalabu atasema mambo mawili: ni nzuri, na mimi siwezi. Hilo la pili hunisikitisha, kwa sababu hofu yake imekaa mahali pasipo. Jani la kufumwa kwa sindano mbili linamtaka mtu ajue kuhesabu hadi saba. Ugumu upo, ila uko kwenye kona, kwenye kuunganisha na kwenye maji, na hayo ndiyo wanaoanza hawaambiwi.

“Jani hutoka kwenye mkono wenye kipaji”

Hutoka kwenye kuongeza na kupunguza vitanzi, yale macho ya uzi yaliyo kwenye sindano, kwa zamu. Chukua kitanzi kimoja cha katikati. Katika safu ya mbele, ile unayoifuma uso wa kazi ukikutazama, zungusha uzi juu ya sindano, fuma hicho kitanzi, kisha zungusha uzi tena: vimekuwa vitatu. Safu ya nyuma irudi hivi hivi, bila kuongeza wala kupunguza. Ukija tena mbele, zungusha uzi kila upande wa kile kitanzi cha katikati. Vinafika vitano, na safari inayofuata saba. Hapo jani limemaliza kupanuka. Sasa punguza kimoja kila ukingo: vitano, halafu vitatu, na mwisho vitatu vinaunganishwa kuwa kimoja. Safu za mbele ni 6, za nyuma 6, jumla 12, na jani limekamilika. Vitundu vilivyoachwa na uzi uliozungushwa hujipanga pande mbili za kitanzi cha kati, nacho huonekana kama mshipa wa jani.

“Idadi ya vitanzi ikibadilika, umekosea”

Kwenye sweta ya kawaida, ndiyo. Kwenye pindo hili idadi hubadilika kwa makusudi. Utepe unapopanuka, ukingo wa nje husukumwa nje; unapopungua, hurudi ndani, na ndivyo pindo linavyopata mawimbi yake. Anayetaka ukingo ulionyooka hupunguza vitanzi viwili pembeni mwa jani kila anapoongeza viwili ndani yake, na kufanya kinyume chake jani linapopungua.

Kwa hiyo usihesabu kila safu ukitegemea jibu lile lile. Hesabu mwisho wa kila jani, idadi inaporudi pale ilipoanzia. Na hapo hapo, pitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Ukikosea mbele ya safari, utafumua hadi kwenye uzi huo na vitanzi vyako utavikuta vimesimama. Ningependa kila anayefundisha kufuma aanze na jambo hili, kabla hata ya jani lenyewe.

“Kupunguza ni kupunguza, njia yoyote inafaa”

Idadi itatimia, lakini jani litapinda. Ukifuma vitanzi viwili pamoja kwa njia ya kawaida, mstari unaojitokeza huinamia kulia. Ili uinamie kushoto, hamisha vitanzi viwili, kimoja kimoja, kama unayetaka kuvifuma, kisha vifume pamoja kwa nyuma. Jani linapoanza kupungua, mwanzoni mwake tumia ule wa kuinamia kushoto, mwishoni ule wa kuinamia kulia. Mistari miwili inaelekeana na kukutana kwenye ncha. Anayetumia aina moja pande zote hupata jani lenye ukingo mmoja laini na mwingine wenye ngazi ngazi, na mara nyingi huulaumu uzi.

“Majani lazima yawe na matundu”

Hapana. Unaporudi safu ya nyuma, ule uzi uliozungushwa ukifumwa kupitia mguu wake wa nyuma, yaani upande wake ulio nyuma ya sindano, hujisokota na tundu hufungika. Jani linakuwa zito, linalofaa blanketi. Na si kweli pia kwamba kazi hii ni ya uzi mwembamba tu. Uzi mnene hutoa majani makubwa yanayopendeza. Unaoharibu ni uzi wenye manyoya marefu au wenye rangi nyingi zilizochanganyika, kwa sababu huficha umbo ulilolihangaikia.

“Pindo hufumwa peke yake, kisha hushonwa”

Hiyo ni njia mojawapo, na kwangu ndiyo ya mwisho kuifikiria. Ukiichagua, usifunge vitanzi vya mwisho vya pindo kabla hujakaribia kumaliza kushona. Viache kwenye pini ya kushikia, ili uweze kuongeza au kufumua jani moja urefu usipolingana.

Njia ninayoipenda ni kulifuma pindo papo hapo kwenye kitambaa. Vitanzi vya shali hubaki hai kwenye sindano, bila kufungwa. Pindo hufumwa kwa upande wake, na kila linapofika ndani, upande wa shali, kitanzi chake cha mwisho hufumwa pamoja na kimoja cha shali. Safu mbili za pindo hula kitanzi kimoja, kwa hiyo jani la safu 12 hula 6, na ukingo wenye vitanzi 120 unachukua majani 20 kamili. Ikiwa una 123, tafuta sehemu tatu zilizo mbali mbali, na kila moja ule viwili kwa mpigo. Haitaonekana.

Kuna hata wanaoanza na pindo. Katika visiwa vya Shetland, Scotland, shali nyingi za jadi za lesi, yaani kazi ya vitundu, zilianzia ukingoni: pindo lilifumwa kwanza, vitanzi vikaokotwa kwenye upande wake ulionyooka, kazi ikaelekea katikati.

Kona ndiyo inayotaka akili. Ukingo wa nje wa pindo una njia ndefu kuuzunguka mraba kuliko ukingo wa ndani, hivyo ukipita kona kwa mwendo ule ule, pindo litakaza na kona itajikunja juu kama kikombe. Dawa yake ni kuunganisha mara mbili au tatu kwenye kitanzi kile kile cha shali, kwenye kona na kwenye vitanzi vichache vilivyo jirani, ili jani moja zima lipate nafasi ya kugeuka.

“Likitoka kwenye sindano limekunjamana, limeharibika”

Kazi yoyote ya vitundu hutoka imekunjamana. Iloweshe, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze, kisha bandika pini kwenye ncha ya kila jani ukiivuta kidogo. Iache ikauke kabisa ndipo utoe pini. Sufu hushika umbo hilo vizuri. Pamba hukubali, ila hainyumbuki sana. Akriliki, uzi wa kiwandani usio wa asili, haibadiliki sana kwa maji matupu. Hutaka mvuke, na mvuke ukizidi uzi hulegea na haurudi tena, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Shali ya sufu ukiifua, majani yatajikunja tena kiasi, nawe utarudia zile pini.