Mchunga: gugu, mboga au dawa?

Mchunga ni mmea wa jamii moja na alizeti na saladi, kitaalamu Launaea cornuta. Dar es Salaam hakuna anayehangaika kuupanda. Hujiotea wenyewe kwenye mashamba ya muhogo kule Chanika, kando ya barabara, na kwenye viwanja ambavyo mwenyewe kanunua halafu hela ya kujenga ikakata. Maua yake ni ya njano, na ukikata jani hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni.

Mkulima huuita gugu, na ana haki. Mashina yake hutambaa chini kwa chini. Jembe likiyakata, kila kipande huchipua kivyake.

Gugu hilohilo hufungwa mafungu likauzwa sokoni, maana ni mboga inayopendwa Pwani. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kupunguza uchungu, ukakamuliwa, ukaungwa kwa tui la nazi. Wengine huuchanganya na mchicha ili watoto wale bila kukunja sura.

Wapo wasiomwaga yale maji. Huyanywa kwa homa, minyoo, maumivu ya tumbo na, hasa siku hizi, kisukari. Utasikia kwamba uchungu "unakata sukari". Hoja hiyo ni dhaifu: uchungu uko ulimini, sukari iko kwenye damu. Lakini kuudharau mmea kwa sababu ni wa kienyeji nako si sawa. Artemisinini, iliyozaa dawa mseto ya malaria, ilitokana na mmea mchungu wa jamii hiyohiyo ya alizeti. Tofauti ni kipimo: kilichomo kwenye kidonge kinajulikana, kilichomo kwenye sufuria ya mchunga hakijulikani. Kukichunguza ndiyo kazi ya watafiti wa tiba asili wa Muhimbili, walioanza kitengo chao mwaka 1974. Kwa hiyo mwenye kisukari ale mboga yake, asiache vidonge, na daktari ajue anachokunywa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza.

Na ulizia ulikochumwa. Bonde la Msimbazi hupokea maji machafu ya viwandani, na mchunga hauchagui pa kuota. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi, ile metali yenye sumu.